Chikichi Nilimpa, Ardhi Sikumpa

Kati ya shamba letu na shamba la jirani hapakuwa na kitu ambacho mgeni angekiita mpaka. Palikuwa na miti ya minyaa aliyopanda babu mzaa baba, mingine ikiwa hai, mingine imekauka ikaachwa hapo hapo. Penye nafasi kati ya mnyaa mmoja na mwingine watu walipita, kuku walipita, na makaa ya kuwashia jiko yalipita juu ya kigae. Chumvi ikituishia tulivuka. Wao wakiishiwa walivuka.

Mama yangu alikuwa Mha wa Kalinzi, kule juu kwenye baridi na kahawa, akaolewa huku chini kwenye vilima vya nyuma ya Ujiji. Jirani yetu alizaliwa Ujiji penyewe, ila wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Alifanya kazi melini, na kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake ilipita majini. Alikuja nyumbani, akalala siku chache, akaondoka. Mkewe alitoka Kagunga, ukoo wa wavuvi. Wao walikuwa Waislamu, sisi Wakristo. Idi tulikula kwao, Krismasi walikula kwetu, wala sikumbuki mtu yeyote akilitaja jambo hilo kama ajabu.

Mke wa jirani nilimwita mama mdogo. Yeye na mama hawakuwa na undugu wa damu, lakini waume zao wote wawili walikuwa watu wa kukaa mbali na nyumbani. Wanawake wanaobaki peke yao na majembe hujuana kwa namna ambayo undugu wa damu haufiki. Mama alimwita “mdogo wangu”, naye alimwita mama “dada”. Mume wake, kwa kufuata hesabu hiyo, alikuwa shemeji.

Upande wetu, karibu kabisa na minyaa, ilisimama michikichi miwili mirefu. Hiyo aliivuna mama mdogo. Kila ilipoiva alimwita mpandaji, mikungu ikaangushwa, akapeleka kwake, akachemsha na kutwanga na kukamua mawese, na mara zote alituletea chupa moja. Mise, zile kokwa za ndani, alizipasua akatengeneza sabuni, nayo tukagawiwa. Sikuwahi kuuliza kwa nini anavuna miti iliyo kwetu. Katika utoto wangu ilikuwa hivyo, kama mvua inavyotoka upande wa ziwa.

Jambo moja tu lilinishangaza. Nilipokua na kupewa jembe, nilikuwa nikilima kuelekea kwenye minyaa, na nikifika kwenye michikichi ile mama aliniita.

“Hapo acha.”

“Mbona pana udongo mzuri, mama?”

“Hapo hapalimwi.”

Nikadhani ni kwa ajili ya mizizi. Majani yakaota pale kati ya michikichi miwili, mwaka hadi mwaka, na sisi tukalima kuzunguka.

Baba alikuwa manamba. Vijana wengi wa Kigoma wa rika lake walipanda garimoshi kwenda kukata mkonge Tanga, na baadhi yao hawakurudi. Baba alirudi mara ya kwanza, akakaa, akaondoka tena nikiwa mtoto wa kutambaa. Mara ya pili alikawia sana. Aliporudi alikuwa na kikohozi kilichomkalia kifuani usiku na mchana. Akafa kabla ya Uhuru, akazikwa kwa watu wengi na nyimbo. Mama akabaki na mimi tu, na mimi nikaolewa Ujiji kwa fundi cherehani, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.

Uhuru ulipokuja tulicheza ngoma kama watu wengine. Baadaye yakaja maneno. Tuliambiwa mikutanoni kwamba ardhi si mali ya kuuzwa, kwamba ni mali ya wote, na haki ya kuitumia ni ya yule anayeitumia kwa jasho lake. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini kila mtu aliondoka mkutanoni na kipande kile kilichomfaa.

Jirani yetu aliacha kazi ya meli mnamo siku hizo. Mguu wake ulikuwa umepondwa na kamba bandarini, nao haukunyooka tena. Kwa mara ya kwanza tangu aoe akawa mtu wa kuamka nyumbani kila siku, na mtu wa kuamka nyumbani hulitembelea shamba lake. Sitaki kumsema kuwa alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyetaka kujenga, na shamba lake lilikuwa jembamba. Alitembea na fimbo yake, akatazama, akaona michikichi miwili ambayo mkewe ameivuna miaka yote na hakuna aliyesema neno. Kwa mahesabu ya mtu aliyekuwa majini, ile ilikuwa mali yake.

Siku moja mama alitoka kuchota maji, akarudi akakuta mstari wa vipande vya minyaa vibichi vimechomekwa ardhini, upande wetu, ng'ambo ya michikichi. Maziwa yake meupe yalikuwa bado yanatoka penye mikato.

Alivuka akaenda kwa jirani. Haya aliniambia yeye mwenyewe baadaye.

“Shemeji, kuna mtu amepanda minyaa shambani kwangu.”

“Nimepanda mimi.”

“Umepanda kwa sababu gani?”

“Kwa sababu mpaka uwe wazi. Tukifa, watoto watagombana.”

“Mpaka uko pale alipoweka baba mkwe wangu.”

“Ile minyaa ilipandwa kuzuia mbuzi,” alisema. “Michikichi ile anavuna nani? Jibu hilo tu, bibi.”

Mama alisema katika yote hayo, lililomchoma ni lile neno bibi. Tangu mwanamume yule alipomwoa mkewe, hakuwahi kumwita ila shemeji. Mama mdogo alikuwa amekaa hapo hapo barazani, anachambua maharage, na hakuinua uso.

Nikaitwa. Nilikuja nikiwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, bado hajaota jino. Niliiona ile minyaa michanga, nikamwambia mama kwamba ni kipande kidogo mno kugombania. Nilisema hivyo kwa sababu niliamini hivyo. Mama alikaa akitazama pale kati ya michikichi, na mikono yake ilikuwa magotini, viganja juu.

Kwanza shauri lilipelekwa kwa balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mtu wa busara ya kawaida, mtengenezaji wa majembe, na alikuja akatuketisha wote kwenye uwanja wa jirani. Akasikiliza. Kisha akatoa suluhu ambayo kila mtu aliiona ya haki: michikichi ni miwili, kila mmoja achukue mmoja, na mpaka upite katikati. Jirani alifikiri kidogo akakubali. Watu wakageuka kumtazama mama.

“Hapana,” mama alisema.

“Mama, mwenzio amerudi nyuma. Na wewe rudi nyuma kidogo,” balozi alimsihi.

“Chukueni michikichi yote miwili, ivuneni mpaka ianguke. Lakini mpaka haupiti katikati.”

Hakuna aliyeelewa. Mtu anayegawa miti yote na kukataa ardhi iliyo chini ya miti hiyo huonekana ana kichaa au ana hila. Tulipotoka pale nilisikia wanawake wakinong'ona kwamba ujane umemfanya mama kuwa na uchu. Mama mdogo hakuwepo kwenye kikao hicho. Mumewe alisema anaumwa kichwa.

Basi jirani akaenda mahakama ya mwanzo akafungua kesi.

Siku ya kesi niliandamana na mama, mtoto mgongoni. Chumba kilikuwa na benchi mbili na meza. Hakimu alikuwa kijana kutoka pwani, Kiswahili chake laini, sauti ndogo. Pembeni yake waliketi washauri wawili, wazee wa hapa kwetu. Jirani alisimama kwanza, akajieleza vizuri sana. Alikuwa amesafiri, alijua kusema na wakubwa. Alisema mkewe amevuna michikichi ile tangu mimi mtoto mdogo, mchana, mbele ya macho ya watu. Baba yangu alirudi kutoka Tanga akaona na hakulalamika mpaka akafa. Mtu akitumia mahali miaka yote hiyo na mwenzake amenyamaza, kunyamaza huko ni kukiri. Washauri waliitikia kwa vichwa. Hata mimi, pale kwenye benchi, niliona kwamba kwa maneno hayo tumeshindwa.

Mama akaitwa. Kiswahili alikijua, cha sokoni, cha kuulizia bei ya migebuka na samaki wengine na kujibu salamu. Lakini tangu zamani, jambo likimgusa moyoni, ulimi wake ulirudi Kalinzi. Alianza kwa Kiswahili, akasimama, akaendelea kwa Kiha. Hakimu akauliza kama kuna wa kutafsiri. Nikasema mimi ni mwanawe, naweza. Hakimu alisita, kwa kuwa mimi ni wa upande mmoja. Mshauri mmoja akasema, “Kiha nakijua, bwana hakimu. Akipotosha nitasema.” Nikaruhusiwa kusimama karibu na mama.

Alisema sentensi fupi fupi, na kila sentensi aliiacha itue ili niibebe.

“Anasema ni kweli, mke wa mlalamikaji amevuna michikichi hiyo miaka yote.”

“Anasema alimpa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Alimpa chikichi, hakumpa ardhi.”

“Anasema yeye hawezi kula mawese ya michikichi ile, ndiyo maana aliitoa.”

Hakimu akauliza, “Kwa nini hawezi?”

Mama akasema, na mdomo wangu ukaigeuza sentensi ile kwa Kiswahili kabla akili yangu haijaifikia:

“Anasema, kati ya michikichi hiyo amelala mtoto wake wa kiume.”

Nilijisikia nikisema hivyo. Nikageuka nikamtazama. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee; hivyo ndivyo nilivyojijua, ndivyo nilivyoitwa na watu, hata wakwe zangu walinitania kwa hilo. Mtoto wangu mgongoni alikuwa amelala, na joto lake lilikuwa limepenya kwenye nguo. Mshauri anayejua Kiha alimwambia hakimu kwa sauti ya chini, “Ndivyo alivyosema.”

Hakimu hakuniharakisha. Baada ya kitambo akaniuliza kama naweza kuendelea. Nikasema naweza.

Mama akaeleza. Baba aliondoka mara ya pili bila kujua kwamba mkewe ana mimba. Alijifungua katika majira ya mvua, mtoto akaishi muda mfupi tu, hakupewa hata jina. Jirani alikuwa melini. Watu waliomzika walikuwa watatu: mama, mke wa jirani, na kikongwe mmoja ambaye naye amekwisha kufa. Mimi nilikuwa hapo, nimekalishwa kwenye mkeka, sijui kitu. Kwa desturi, mtoto mchanga wa namna ile haliliwi kwa sauti wala hawekewi msiba. Baba aliporudi alikuwa mgonjwa. Mama akasubiri apone ndipo amwambie. Hakupona.

“Anasema hakumwambia mtu. Hata mimi, bwana hakimu, hakuniambia.”

Jirani alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini alikuwa amekwisha kufika mbali mno kurudi nyuma, au hivyo ndivyo ninavyomwelewa leo. Alisema hilo halijawahi kusikika, si kwa balozi, si kwa mtu yeyote, na linasikika leo tu baada ya mama kuona ameshindwa. Hakimu akasema mahakama itakuja kupaona mahali penyewe.

Njiani kurudi, tulipofika kwenye kijito, mama alisimama akanawa uso. Nikamuuliza, “Alikuwa mkubwa kwangu?” Swali la kijinga, alikwisha kusema mahakamani. “Mdogo wako,” akanijibu, na tukaendelea na safari.

Mahakama ilikuja asubuhi yenye ukungu. Hakimu alivua viatu vyake vizuri, akavaa vya mpira alivyoazimwa. Majirani walijaa kote. Karani alipima kwa hatua kutoka minyaa ya zamani hadi michikichi, na kutoka michikichi hadi minyaa mipya. Mshauri mmoja akauliza palipo na kaburi. Mama akaonyesha. Palikuwa na majani tu. Hapakuwa na jiwe wala tuta. Mtoto wa siku chache haachi tuta.

Jirani akasema, “Kama yupo, pachimbwe. Tukikuta, mimi narudi nyuma hapa hapa mbele yenu.”

Watu wengine waliguna. Wengine walisema ni haki. Hakimu alimtazama mama, akamuuliza moja kwa moja, bila kupitia kwangu, “Mama, unasemaje? Pakichimbwa shauri litakwisha leo.”

Mama alijibu kwa Kiswahili. “Basi mpeni shamba. Apewe lote. Asichimbwe.”

Nilimuona hakimu akifunga midomo. Alikuwa kijana, labda alikuwa na mama yake kule pwani. Akauliza kama mama anataka yule aliyebaki hai kati ya waliozika aitwe atoe ushahidi. Mama alitazama chini. Kila mtu aliyesikia ushahidi wake alijua ni nani, lakini mama hakutaka aitwe. Aliniambia baadaye: mwanamke hasimamishwi kumpinga mumewe kwa ajili ya shida yako.

Mama mdogo alikuwa amesimama uwanjani kwake, nyuma ya wanawake wengine. Aliwasogeza kwa mkono, akaja akipita penye nafasi ile ile ya minyaa ya zamani alipopita maisha yake yote. Mumewe akasema, “Wewe, rudi nyumbani.” Alizidi kuja. Akasimama mbele ya hakimu, akavuta kanga yake ikamfunika kichwa vizuri.

“Nilimwosha mimi,” alisema. “Nilimfunga kwa kipande cha kanga yangu ya harusi, kwa sababu dada hakuwa na nguo mpya. Nilichimba mimi. Yule bibi alikuwa mzee, na dada alikuwa hawezi kusimama.”

Hakimu akamuuliza, “Na michikichi?”

“Nilikuja kumwambia dada, chikichi zako zinaoza juu ya mti. Akaniambia, vuna wewe, mimi sitaweza. Ndipo nikavuna. Sikupewa ardhi. Sijawahi kulima pale hata mara moja, waulizeni wote.”

Kisha akamgeukia mumewe. “Hukuwepo, baba watoto. Hilo si kosa lako. Lakini hukuwepo.”

Mzee yule alisimama ameegemea fimbo, na nilidhani ataanguka.

Hukumu ilisomwa baada ya muda si mrefu. Hakimu alisema mpaka ni minyaa ya zamani. Alieleza kwa maneno ambayo kila mtu pale aliyashika: mtu anayetumia kitu kwa ruhusa ya mwenyewe hakipati kuwa chake hata akitumia mpaka azeeke, maana kila siku anayotumia anaendelea kuwa mgeni aliyekaribishwa. Na mwenye kumruhusu jirani yake hapaswi kuadhibiwa kwa ukarimu wake. Akaamuru minyaa mipya ing'olewe.

Tulishinda, na hapakuwa na mtu aliyepiga kigelegele.

Kabla ya mwezi kuandama tulisikia mama mdogo ameambiwa aende kwao. Mumewe hakumpiga wala hakumtukana. Alimwambia tu kwamba hawezi kula chakula cha mwanamke aliyesimama mbele ya serikali akamfanya mwongo. Aliondoka na furushi la nguo kichwani hadi Kibirizi, akapanda boti la Kagunga. Hakupita kutuaga. Nadhani hakutaka mama amuone analia, au yeye amuone mama.

Mama aliposikia aliweka jembe chini, akavuka. Safari hii nilikuwepo, nilimfuata nyuma. Jirani alikuwa amekaa peke yake barazani na sufuria ya uji ulioganda.

“Shemeji,” mama alisema, “nimekuja kukuomba.”

“Umeshinda. Unaomba nini?”

“Lima pale. Panda unachotaka, mjengee mtoto wako nyumba upande wangu wote mpaka kwenye migomba. Mbakize yule aliyelala tu. Lakini mrudishe mwenzangu.”

Aliisukuma sufuria pembeni. “Ningeweza kuyasahau ya shamba,” alisema. “Lakini kwa nini hamkuniambia? Miaka yote nilikuwa napita hapo. Nilikula hayo mawese. Ninyi wawili mlijua, mimi nikabaki kuwa mpumbavu nyumbani mwangu.”

Nikilifikiria leo, naona kuna haki ambayo mahakama ile haikuulizwa, haki ya mtu kujua yaliyotokea nyumbani kwake alipokuwa mbali, na katika hiyo mzee yule hakuwa ameshindwa.

Minyaa mipya aliing'oa mwenyewe. Mwanawe alikwenda kupanga chumba mjini, Katubuka. Michikichi haikuvunwa tena. Chikichi zilianguka zenyewe, nyekundu kwenye majani, zikaliwa na ndege.

Halafu ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Tulikuwa tumeishi kila mtu juu ya kilima chake, na sasa tuliambiwa tukae pamoja, kwa mistari, karibu na barabara, ili tupate shule na zahanati na maji. Shule tulipata, sitasema uongo. Lakini siku ya kuhama hapakuwa na mengi ya kujadili. Magari yalikuja, wanamgambo wakaezua mapaa ili mtu asirudi. Mama alibeba jiwe la kusagia na kuku wake. Kule kijijini viwanja vilipimwa kwa kamba, vyote sawa, na mpimaji alimwambia kila mmoja wetu hapa ndipo pako, kwa wepesi kama mtu anayegawa viti arusini. Vilima vya nyuma vikawa shamba la kijiji. Trekta lilipita mara moja tu, likang'oa minyaa yote ya zamani, kisha likaharibika na halikurudi. Michikichi ile waliikata kwa sababu ilikuwa katikati ya njia ya trekta.

Mama hakwenda kutazama. Aliambiwa, akasema, “Sawa,” akaendelea kupepeta.

Lakini baada ya mavuno alikuja Ujiji nyumbani kwangu amevaa nguo yake ya kanisani, akaniambia anataka kwenda Kagunga. Alikuwa hajawahi kupanda chombo chochote cha majini maishani mwake. Ziwa alilitazama kila siku kama mtu anavyotazama nyumba ya watu asiowajua. Tulipanda boti Kibirizi, katikati ya magunia na masanduku ya soda, na njia nzima alishika mkono wangu na kutapika na kuomba radhi kwa abiria.

Mama mdogo alikuwa ufukweni na wanawake wengine, wanaanika dagaa. Alikuwa amekonda, mikono yake imekuwa myeusi kwa jua. Alituona tukishushwa majini, nguo zimeshikwa juu ya magoti. Alikuja mpaka maji yakamfikia magotini, akamkamata mama, na wakasimama hivyo mawimbi yakiwapiga, mabaharia wakisubiri kwa adabu.

Tuliketi kwenye kibanda chake. Mama akamwambia yote: operesheni, trekta, michikichi. “Kile ulichofukuziwa hakipo tena, mdogo wangu. Hakuna mpaka, hakuna alama, si chake wala si changu. Nimekuja ulisikie kwangu.”

Mama mdogo alikuwa anapuliza moto. Aliendelea kupuliza mpaka ukashika. “Alituma wazee,” alisema. “Mwaka jana, baada ya kuhamishwa. Anataka nirudi.”

“Ukasemaje?”

“Nikasema aje mwenyewe. Kagunga si mbali kwa mtu wa meli.”

“Atakuja?”

“Sijui. Mguu wake mbaya.” Akafuta macho, moshi au si moshi. “Akija nitampikia. Kurudi sijaamua.”

Tulikula ugali na migebuka. Nilikuwa nimebeba swali kifuani tangu siku ya mahakama, na mama sikuweza kumuuliza kwa kuwa kila nilipokaribia aligeuka. Nikamuuliza mama mdogo, mama akiwa amekaa hapo hapo.

“Alikuwaje, mama mdogo? Huyo mdogo wangu.”

Nilidhani mama atainuka atoke. Hakuinuka.

“Alikuwa na nywele nyingi,” alisema mama mdogo. “Nywele mpaka masikioni.”

“Hazikufika masikioni,” alisema mama.

“Zilifika, dada. Wewe ulikuwa umelala. Nilizichana mimi.”

“Zilikuwa za mbele tu.”

“Na vidole virefu. Nikasema, huyu atakuwa mpandaji wa michikichi.”

“Ulisema mvuvi,” mama alisema. “Ulisema, vidole hivi ni vya watu wa Kagunga, tumeibiwa.” Na mama yangu, ambaye sikuwahi kumuona akilia, si kwa baba wala si siku ya hukumu, akaweka tonge lake sahanini, akalia kwa sauti kama watu wanavyolia msibani. Mama mdogo akamsogelea, akakiitikia kile kilio, na jirani mmoja wa pale akachungulia mlangoni kuuliza nani amekufa.

“Mtoto wetu,” alijibu mama mdogo.

Yule mwanamke akavua viatu, akaingia, akaketi nasi. Wengine walifuata baadaye, wakiwa na harufu ya dagaa mikononi. Walikaa nasi mpaka jioni, kama msiba wowote.

Boti la kurudi lilikuwa linaondoka asubuhi. Nilikusanya vitu vyetu, nikatoka, nikamkuta mama ufukweni amejifunga kanga kiunoni, anageuza dagaa kwenye mchanga, ameelekezwa namna ya kuwashika. Akaniambia nitangulie, mtoto wangu ananisubiri, yeye atakuja na boti lingine.

“Lipi, mama?”

“Lolote litakalokuja,” alisema, na akaendelea na kazi.